Goti la mbwa likikatika, tuambiwe njia zote kabla hatujaamua

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wako niongee juu ya jambo ambalo najua kuna watu wataona ni dogo, manake ni mbwa, na Nairobi saa hii kila mtu ana shida zake. Lakini mbwa ni wengi hapa mjini, kuanzia kwa maboma ya Karen hadi ploti za Umoja na Kayole, na ukiuliza wanaofuga mbwa wakubwa kama Rottweiler na German Shepherd watakwambia kuna huu ugonjwa wa goti la nyuma, mbwa alikuwa mzima jioni, asubuhi anatembea na miguu mitatu, unampeleka kwa daktari unaambiwa ligamenti, yaani kano inayoshikilia mifupa ya goti, imekatika. Alafu hapo hapo, umesimama kwa kaunta na simu mkononi, unaulizwa unataka tufanye nini, na hujaelezewa hata nusu ya kile unafaa kujua ndio ujibu.

Kile nataka kusema ni kimoja. Daktari wa wanyama akishajua goti limekatika, akae chini na mwenye mbwa amwambie njia zote zilizoko, bei ya kila moja, na kazi inayongoja huko nyumbani, alafu amwache aende akafikirie. Kano ikikatika si kama mbwa amekula sumu ama tumbo limejipinda, kwamba ukichelewa saa mbili umempoteza. Ukimpunguzia maumivu na umzuie kukimbia, una siku kadhaa, hata wiki mbili tatu, za kuuliza na kutafuta pesa bila kuharibu chochote cha maana. Usikae tu miezi, nitasema kwa nini.

Mbwa wetu anaitwa Simba, ni German Shepherd aliyechanganyika, wakati huo alikuwa na miaka sita na kilo 38. Kliniki ya kwanza tulipoenda, na sitaitaja, tulipewa mambo mawili: operesheni kubwa na tuache deposit siku hiyo hiyo, ama tumlaze. Kumlaza ni kumuua kwa sindano, tusizungushe. Mbwa anakula vizuri, anatikisa mkia, anataka kuruka kwa gari, na mtu anakwambia hivyo bila hata kukaa. Bibi yangu alitoka nje akalia kwa parking. Mimi nikalipia ile konsultesheni nikaomba picha za eksirei nikaondoka nazo, na hapo nawaambia wasomaji wako, hizo picha umelipia, ni haki yako kuziomba, manake daktari wa pili akiziona huenda asikupigishe zingine.

Sasa wacha nieleze venye goti lenyewe liko, manake mtu akielewa hapa hata bei atajua inalipia nini. Ndani ya goti kuna kano mbili zimepishana, moja mbele moja nyuma. Ile ya mbele ndiyo inazuia muundi, ule mfupa wa chini ya goti, usichomoke kwenda mbele mnyama akikanyaga. Wanaofuatilia mpira wanaijua, ndiyo ile inaweka mchezaji nje msimu mzima. Tofauti ni kwamba mchezaji inamkatikia siku moja amegeuka vibaya, lakini kwa mbwa mara nyingi inachakaa pole pole, uzi mmoja mmoja, miezi na miezi, alafu siku moja anarukia kitu kidogo kwa geti inamalizika. Ndio maana nasikitika nikisikia watu wanalaumu mtoto aliyekuwa anacheza na mbwa, ama soja aliyemfungulia usiku. Uzito unachangia, ukoo unachangia, Rottweiler na Labrador wanajulikana kwa hii shida, na hata kuhasi mbwa mkubwa kabla mifupa haijakomaa kumeonekana kuongeza hatari. Yule mtoto hana makosa.

Alafu kuna umbo la mfupa. Sehemu ya juu ya muundi wa mbwa imeinama kuelekea nyuma, kwa wengi ni kama digrii 25 hivi, kwa hivyo kila akikanyaga, mfupa wa paja unataka kuteleza kwa ule mwinuko na muundi unasukumwa mbele. Ni gari limeegeshwa kwa mteremko na handibreki imekatika. Hiyo ndiyo sababu mbwa hawezi tu kufungwa bendeji akapona, na ndiyo sababu operesheni ile kubwa iligunduliwa.

Daktari anayejua kazi yake anaweza kupata jibu kwa mikono. Anamlaza mbwa ubavu, mara nyingi baada ya kumpa dawa ya kumtuliza kwa sababu mbwa mwenye misuli akijikaza hutasikia kitu, anashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa ule mwingine, anasukuma. Muundi ukiteleza mbele, jibu ni hilo. Eksirei haionyeshi kano yenyewe, wengi hawajui hili, inaonyesha goti limejaa maji na mfupa umeanza kuota vipembe vya baridi yabisi, na inasaidia kuona kama kuna kitu kibaya zaidi kama kansa ya mfupa, manake hao mbwa wakubwa wanapata kansa na inaanza hivyo hivyo kwa kuchechemea. Na wewe nyumbani angalia venye anakaa. Mbwa mzima akikaa anakunja magoti yote mawili sawa na visigino vinaingia chini yake. Simba alikuwa anakaa na mguu wa kulia ameutupa kando, matako yameegemea upande mmoja, na ukipapasa upande wa ndani wa goti ulikuwa unasikia uvimbe mgumu ambao mguu wa kushoto haukuwa nao. Hiyo alikuwa nayo kabla hata hajaanza kuinua mguu.

Haya, tuje kwa njia zenyewe.

Kuna kutopasua kabisa. Mbwa anapumzishwa kwa nguvu wiki sita hadi nane ama zaidi, anatembezwa kwa kamba tu kwenda haja na kurudi, anapewa dawa ya maumivu ya mbwa, anapunguzwa uzito, alafu anaongezewa mazoezi kidogo kidogo. Goti linajishika kwa makovu, linakaza. Hii njia watu wanaidharau sana na wengine wanaisifu sana, na ukweli unategemea kilo. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 ambao madaktari wanaurejelea hadi leo: kwa mbwa wa chini ya kilo 15 ambao hawakupasuliwa, kama 85 kwa kila 100 walipata nafuu, lakini kwa wale wa kuzidi kilo 15 ni kama 19 tu. Angalia hiyo tofauti. Jirani yetu hapa kota ana Japanese Spitz wa kilo nane, aliumia goti, akapumzishwa, leo anakimbiza paka bila shida, na jirani alikuwa ameambiwa ni operesheni ama basi. Kwa mbwa kama huyo mimi ningeanza na mapumziko bila kufikiria mara mbili, na kama haendelei vizuri ndio tuzungumze kisu.

Lakini hata kwa mkubwa usiseme haiwezekani. Utafiti mwingine wa 2013 ulichukua mbwa wakubwa wanene, 40 tu kwa jumla, wote wakapunguzwa uzito na kufanyishwa mazoezi, wengine wakapasuliwa na wengine hapana. Baada ya mwaka, waliopasuliwa walikuwa wanafanya vizuri 75 kwa 100, wale wengine karibu 64. Waliopasuliwa walishinda, na walipata nafuu mapema zaidi, lakini hao 64 wapo, na mtu ambaye hana pesa ya upasuaji anafaa kuambiwa wapo badala ya kuambiwa amuue mbwa wake.

Kuna operesheni ya nailoni. Daktari anachukua uzi mnene wa nailoni, anaupitisha nje ya goti kutoka nyuma ya paja hadi mbele ya muundi, anaukaza ufanye ile kazi ya kano. Uzi utalegea ama utakatika baadaye, na hilo si ajabu, unatakiwa kushikilia tu hadi makovu yakomae. Ni ya bei nafuu kidogo na haihitaji kukata mfupa. Kwa mbwa mdogo na wa katikati inafanya vizuri. Kwa mbwa wa kilo 40 mwenye mbio, uzi unabeba mzigo mkubwa, na hapo mimi ningeuliza maswali mengi.

Alafu ndio hiyo kubwa, TPLO. Aliyeianzisha ni daktari wa Marekani aitwaye Barclay Slocum, huko Oregon, akaichapisha mwaka 1993. Wanakata kichwa cha muundi kwa msumeno wa mviringo, wanakizungusha hadi ule mwinuko ubaki kama digrii tano, wanafunga na pleti ya chuma na skrubu. Kano hawairudishi, wanaondoa ule mteremko ili goti lisiihitaji. Kuna ndugu yake inaitwa TTA, ilianzia Zurich, hiyo inasogeza mbele pale kano ya pia ya goti imejishika, lengo ni lile lile. Kwa mbwa mkubwa anayefanya kazi, TPLO ndiyo yenye rekodi nzuri zaidi ya mbwa kurudi kukanyaga sawasawa. Lakini ni mfupa umekatwa, kwa hivyo skrubu zinaweza kulegea, usaha unaweza kuingia hadi chuma kitolewe, na daktari anayeifanya mara moja moja si sawa na anayeifanya kila wiki. Sio kila kliniki hapa Nairobi inaifanya. Uliza aliyeshika kisu amefanya ngapi, usione haya, na daktari mzuri hakasiriki.

Kitu kingine hawasemi mapema ni meniskasi, ile mito miwili ya gegedu ndani ya goti. Goti likicheza cheza bila kano, ule mto wa ndani unasagwa na kuraruka, na hapo ndipo maumivu makali yanatoka, wakati mwingine unasikia mlio wa tak akitembea. Hii ndiyo sababu nimesema usikae miezi. Kano imekatika hiyo haitarudi, lakini meniskasi bado unaweza kuiokoa ukiamua mapema. Na kama mbwa amepumzishwa vizuri wiki kadhaa na bado hakanyagi kabisa, uwezekano mkubwa shida ni hapo, na hiyo mapumziko hayaponyi, inataka kufunguliwa.

Sisi tulichagua TPLO. Simba ni mzito, hakuwa mzee, daktari wa pili alisikia ule mlio, na goti la pili lilikuwa halijaanza. Pesa ilitoka kwa chama na nyingine nikakopa Sacco, wengi wetu hatuna bima ya mbwa, na sitamwambia mtu yeyote ati lazima afanye hivyo. Rafiki yangu wa Rongai alikuwa na Rottweiler mzee, nyonga zote mbili zimeisha, akachagua dawa na kupunguza chakula, mbwa akaishi vizuri kwa muda wake. Aliamua sawa kabisa. Daktari wetu wa pili ndiye alitupa hiyo nafasi, alichukua karatasi akachora goti, akaandika njia tatu na bei chini ya kila moja, akatuambia pelekeni nyumbani mnipigie Jumatatu. Hakuna kitu kingine alifanya cha ajabu. Ni hiyo karatasi.

Sasa nifike kwa ile sehemu inaniuma zaidi, ya nyumbani. Upasuaji ni saa chache, mapumziko ni wiki nane hadi kumi na mbili, na usipopumzisha umetupa pesa. Lakini angalia nyumba zetu zilivyo. Anayelipa anatoka saa kumi na moja asubuhi kushika matatu, anarudi usiku. Anayeishi na mbwa ni dada wa nyumbani, ama soja, ama kijana wa shamba. Na daktari anaongea na nani? Na yule anayelipa. Anampa maagizo kwa Kiingereza kwa karatasi moja, karatasi inabaki kwa dashibodi ya gari. Jioni soja anamfungulia mbwa kama kawaida kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa, mbwa alinde, na mbwa anasikia pikipiki anatoka mbio hadi geti. Pleti imepinda. Alafu inasemekana operesheni haikufaulu.

Sisi tulimpeleka soja wetu, mzee mmoja mpole sana, hadi kliniki, daktari akamwonyesha kwa mkono wake. Yeye ndiye alitupa wazo la leso. Unachukua leso nzee, unaikunja, unaipitisha chini ya tumbo la mbwa karibu na miguu ya nyuma, unashika ncha mbili juu ya mgongo, na mbwa akiteremka ngazi ama akienda haja unamsaidia kubeba uzito, hasa hizo siku za kwanza. Ndani tulitandika kapeti kuukuu na mikeka juu ya tailsi, manake tailsi za Nairobi zinateleza na mbwa anayeteleza na goti bichi anararua kila kitu. Kibanda chake tukakiziba wavu mbele asiruke, na mnyororo tukautoa kabisa, mbwa aliyefungwa mnyororo anaruka na kuvutwa nyuma na hiyo ni mbaya kuliko kutembea. Na nyumba ilindweje huo muda? Tuliongeza taa nje na soja akaongezewa kitu kidogo. Hayo ni mambo ya kuhesabu kabla hujasema ndiyo kwa operesheni, na kama nyumba yako haiwezi kumpumzisha mbwa miezi miwili, sema hivyo kwa daktari wazi wazi, manake hata ile njia ya kutopasua inataka mapumziko yale yale.

Juu ya dawa, tafadhali, watu waache kumpa mbwa dawa za watu. Ibuprofen na diclofenac unayouziwa kwa chemist bila swali lolote zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo. Ziko dawa za maumivu za mbwa, carprofen na meloxicam, zinapimwa kwa kilo na daktari. Na zile sindano za steroid ambazo mtu wa agroveti anadunga kila mbwa akichechemea, zinaficha maumivu mbwa anakimbia na goti limekatika, na zikikutana na hizo dawa zingine tumboni ni kutapika damu. Hii nimeiona kwa mtaa wetu.

Na uzito. Hapa hakuna kutafuta pesa. Mbwa wetu tunawalisha ugali wa mabaki, mafuta ya matumbo, na mkate wa chai, alafu mchana kutwa wamefungiwa. Ukipapasa mbavu bila kubonyeza unafaa kuzisikia. Kuna utafiti wa Labrador 48 uliotolewa 2002, nusu walipewa chakula robo pungufu maisha yao yote, wakaishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na baridi yabisi ikachelewa. Simba alishuka hadi kilo 33 na hiyo peke yake ilibadilisha venye anainuka asubuhi.

Mwenye mbwa aambiwe pia mambo mawili ambayo si mazuri kusikia. Baridi yabisi itakuja kwa hilo goti, upasue usipasue, hata operesheni haiizuii. Na karibu nusu ya mbwa wanaokatika goti moja, la pili linafuata, wengi ndani ya miaka miwili hivi. Mtu akijua hayo anaweza kusema, hapana, sitamaliza akiba yote kwa mguu wa kwanza. Ama anaweza kusema sawa, naanza kuweka pesa kando leo. Lakini asijulie kwa mguu wa pili.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa kliniki na kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo, ambayo kisheria ndiyo inasajili na kusimamia hao madaktari. Iwekwe iwe kawaida kwamba kabla mwenye mbwa hajaweka sahihi ya operesheni ama ya kumlaza mbwa, amepewa karatasi yenye njia zote, bei, hatari zake na maagizo ya nyumbani, kwa Kiswahili, ili soja na dada wa nyumbani waweze kuisoma. Kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete kina wataalamu wa upasuaji wanaofundisha hao madaktari wetu, wao wanaweza kuiandika hiyo karatasi moja nzuri na kliniki zote zikaitumia. Na kliniki isiyofanya operesheni fulani iseme inafanywa wapi, badala ya kufanya kama haipo.

Kwa wenzangu ambao wako na mbwa anachechemea saa hii: mfungie mahali padogo, mpunguzie chakula kuanzia leo jioni, usimpe dawa yako, na ukifika kwa daktari muulize kilo zake zinasema nini, meniskasi iko aje, na kama angekuwa wake angefanya nini na kwa nini. Akikwambia hakuna muda wa maswali, chukua picha zako uende kwa mwingine.

Mfuga mbwa,
Donholm, Nairobi.